Chipu ya Namba Kumi na Tisa

Jumamosi, 11 Oktoba

Namba tumeshachukua. Foleni ndefu, jua la utosi, na Baba akakataa kiti alicholetewa. Akae kwa nini? Yeye ni Wa Kila Mwaka! Mbio hizi za jiji zimeshafanyika mara ishirini na mbili, na waliokimbia zote bila kukosa hata moja wamebaki wanne. Wanapewa namba ya kijani, na haibadiliki. Ya Baba ni 19. Ukishindwa kumaliza mwaka mmoja tu, wanaichukua.

Dada wa mezani alimwita "mzee wetu". Basi kichwa kikamvimba mpaka tunafika nyumbani.

Lakini goti. Kazi yangu ni kukanda na kunyoosha viungo vya watu hospitalini, goti bovu nalijua kwa kuligusa tu. La Baba limekwisha. Daktari wetu aliitazama picha akasema kilomita kumi, kumi na tano akijikaza, halafu litamgomea. Na mbio ni arobaini na mbili! Nilimweleza Baba yote hayo. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akauliza kama viatu vyake vimekauka.

Tumekubaliana jambo moja: likimuuma kwelikweli atapanda Fagio. Fagio ndilo basi linalokuja nyuma kabisa kuokota walioshindwa. Alisema sawa. Alisema haraka mno.

Sasa niandike na hili. Aliyenizoesha kuandika ni Baba mwenyewe. Ni fundi saa, miaka arobaini na moja kwenye kibanda kilekile, na haigusi saa ya mtu kabla ya kuandika kwenye daftari la kazi ameipokea ikiwa na hali gani. Andika ulivyoikuta, ndipo ufungue. Haya, naandika.

Chipu inapachikwa kwenye kamba za kiatu. Hiyo ndiyo inayohesabu muda wako kila unapokanyaga mikeka waliyotandika njiani. Viatu vya Baba navifunga mimi, maana mgongo haumruhusu kuinama. Na chipu za miaka iliyopita anazihifadhi zote kwenye kopo la biskuti, zinafanana kama pacha. Leo alasiri, Baba akiwa anaoga, nimepachika ya mwaka jana kwenye kiatu chake cha kulia. Ya mwaka huu iko kwenye kiatu changu. Kesho nakimbia na mbili, yangu na yake. Fagio likimbeba, chipu yake itakuwa imeshafika. Namba 19 inabaki yake.

Hajui. Nitamwambia baadaye, tutacheka.


Jumapili, 12 Oktoba

Kitandani, saa kumi jioni. Miguu juu ya mito miwili.

Niandike kwa mpangilio.

Mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi kamili. Baba husema hiyo ndiyo akili pekee waliyo nayo waandaaji: huhitaji kupiga hesabu, saa ya mkononi ikisema saa tatu, basi umekimbia saa tatu. Tulisimama kwenye umati, harufu ya dawa ya kuchua kila upande, watu wamejivika mifuko ya plastiki kwa baridi. Nilipiga magoti nikamfunga kamba, fundo mara mbili kama kawaida. Akanishika utosini. Zamani alinishika hivyo kila nilipokwenda kufanya mtihani.

"Nenda zako. Usinisubiri."

Nikaenda zangu.

Mkeka wa kwanza ulilia mara mbili. Tii, tii. Nikajiona mjanja. Wa kilomita kumi, tii, tii. Nusu ya njia, hivyohivyo. Nilikuwa nakimbia vizuri, nimetulia kabisa, nawapungia mkono wenye sufuria na mifuniko wanaopiga kelele kando ya barabara. Kilomita ya thelathini kulikuwa na wapiga picha. Nikageuza uso. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninachofanya kina jina lake.

Kuanzia thelathini na tano nilikuwa maiti inayotembea. Mama mmoja alinipigia makofi akasema nimebakiza kidogo tu, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Nilimaliza kwa saa nne na dakika thelathini na nane. Tulimaliza, niseme.

Nikavua chipu ya Baba nikaikunja kiganjani, nikaenda kungoja Fagio. Likaja mara ya kwanza, hayumo. Likarudi na wengine, hayumo. Nikaenda kwenye hema la wauguzi, nikakagua vitanda kimoja kimoja. Hayupo! Ndipo Mama akapiga simu, anapiga vigelegele sikioni mwangu. Simu yake imemwandikia kwamba mzee amemaliza, tena pamoja na mimi, na ameshawaambia mashangazi wote. Akataka nimpe simu ampongeze. Nikasema yuko kwenye foleni ya maji.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara karibu saa mbili. Wakaanza kukunja meza. Wakafagia maganda ya ndizi. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu vitu ambavyo sitaviandika hapa.

Kisha nikaliona Fagio linakuja, polepole, mlango wazi. Na mbele yake, hatua kama ishirini, Baba. Ameinamia upande wa kushoto, mguu wa kulia anauburuta, mkono wenye saa ameukumbatia kifuani. Kondakta wa Fagio anambembeleza apande. Baba hageuki. Waliokuwa wanakunja meza wakaziacha, wakaanza kupiga makofi, na nusu yao walikuwa wanalia.

Akakanyaga mkeka wa mwisho. Haukulia.

Hakuna aliyegundua. Makofi yalikuwa mengi. Mimi niliusikia ukimya ule mpaka kwenye meno.

Alininyooshea saa yake. "Saba kasoro dakika saba," alisema. Mwisho wa kuhesabiwa ni saa saba kamili. Alikuwa amebakiza dakika saba. Halafu Baba, ambaye hakulia hata kwenye msiba wa kaka yake, akalia. Akasema katika mbio zote alizokimbia, hii ndiyo yake.

Nilipiga magoti nimlegezee kamba. Chipu ya kweli ilikuwa kiganjani mwangu, imelowa jasho. Sekunde kumi zingetosha kuzibadilisha. Akavuta mguu. Anataka kuingia nyumbani na viatu vyake mguuni, Mama avione.

Ningemwambia pale. Pale pale, barabarani, angenitukana na tungemaliza.


Jumatatu, 13 Oktoba

Kazini nashuka ngazi kinyumenyume. Wagonjwa wangu wamefurahi sana, wananionyesha jinsi ya kushika reli.

Matokeo yametoka. Baba saa nne na dakika thelathini na nane. Mama hakuelewa: alifika saa nne au alifika saa saba? Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Mashine imelewa! Ukimpa fundi saa mashine yenye hitilafu umempa sikukuu. Nikasema, kwa sauti ya utani, si auchukue tu huo muda, ni mzuri.

"Sitaki muda wa mtu mwingine," alisema.


Jumatano, 15 Oktoba

Amewaandikia barua. Anawaomba wafute saa nne na dakika thelathini na nane, waweke saa sita na dakika hamsini na tatu. Hakuna mtu duniani anayewaandikia waandaaji wa mbio kuomba aongezewe muda! Baba anawaandikia.

Alinipa niisome kabla hajaipeleka. Na mimi nikafanya nini? Nikamrekebishia mstari mmoja. Nikamwambia aongeze namba ya simu.


Jumanne, 21 Oktoba

Wamejibu. Kama Baba asingeandika, wasingetazama. Ameandika, wametazama.

Chipu ya namba 19 ilipita kilomita ya thelathini saa tatu na dakika kumi na mbili. Picha za dakika ile hazimwonyeshi. Picha ya kumaliza inamwonyesha saa saba kasoro dakika saba, lakini chipu ilikuwa imeshafika zamani. Kwa hiyo chipu yake ilibebwa na mtu mwingine. Matokeo yamefutwa. Namba 19 itachukuliwa, jina litaondolewa kwenye orodha ya Wa Kila Mwaka, isipokuwa kama ana maelezo. Afike ofisini Jumatano ya tarehe 29.

Mwishoni wameweka sheria: aliyebeba chipu ya mwenzake anafungiwa miaka mitano, na kikundi chake pia kinatolewa. Kikundi changu cha mbio ni manesi kumi na moja wa hospitali, na nahodha wao ni mimi. Hawajaona bado kwamba muda wa chipu yake ni sawa na wangu hadi sekunde. Wakiiweka mistari miwili pamoja, wataona.

Baba alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa amekaa. Mama alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

Baba alisema neno moja tu, mwizi. Hakuwa anamsema mtu. Alikuwa analijaribu mdomoni, aone kama linamkaa.


Alhamisi, 23 Oktoba

Ameamka na nguvu mpya. Atawaonyesha! Viatu vyake havijaguswa tangu siku ile, chipu bado iko kwenye kamba. Atawapelekea waisome mbele yake, waone ni nzima na mashine yao ndiyo mgonjwa. Ameviweka kwenye mfuko, akafunga kwa waya mwembamba wa saa, akabandika karatasi, akasaini yeye na jirani. Ushahidi hauguswi, anasema.

Na shahidi wake ni nani? Binti yake mwenyewe, aliyemfunga kamba kwa mkono wake.

Alinipiga bega aliposema hivyo.


Jumapili, 26 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Baba alikwenda kumtembelea mgonjwa, Mama yuko uani anaanua nguo. Nikachukua mfuko. Chipu ya kweli ninayo, natembea nayo kwenye pochi wiki mbili sasa. Nilidhani nitaufungua waya, nibadilishe, nifunge tena.

Waya wa fundi saa! Mizunguko tisa, ncha imefichwa ndani. Vidole hivi vinavyoweza kupata mshipa chini ya nyama ya mtu mzima havikuweza kupata ncha ya waya. Mama akaingia na kapu la nguo. Akanikuta nimekaa sakafuni na mfuko mapajani.

Aliweka kapu chini, akakunja shuka moja, taratibu, pembe kwa pembe.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nikimwambia, hatanisamehe kwa kujua."

Kwa hiyo anajua. Tangu lini? Labda tangu niliposema yuko kwenye foleni ya maji. Baba hapangi foleni ya maji, anabeba chupa yake.


Jumatatu, 27 Oktoba

Nilikwenda kibandani baada ya kazi, nimwambie. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

Akaja mteja na saa ya ukutani imefungwa kwenye kanga. Akaondoka. Nikasema, Baba. Akasema ngoja, nishikie hii springi ya saa. Nikashika. Akaanza kuniambia habari za kilomita ya ishirini na saba, kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Pale ndipo goti lilipogoma. Alikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, Fagio likasimama, akainuka apande. Ameshaweka mguu mmoja ndani. Halafu akanifikiria mimi. Akasema moyoni, yule anaamini siwezi, na ni mtaalamu. Akaushusha mguu.

Alikuwa anacheka. Mimi nimeshika springi.

Mwoga mkubwa wee!


Jumanne, 28 Oktoba

Leo niliomba ruhusa mapema, nikaenda tena kibandani. Nimeapa, leo nasema hata paa likianguka.

Baba hayupo, amekwenda kuswali. Kibanda ameacha wazi, jirani anakiangalia. Juu ya meza, kile kioo chake kidogo anachokibana jichoni. Waya umefunguliwa, umenyooshwa, umelazwa sawasawa. Kiatu cha kulia kiko juu ya kitambaa chake cheupe cha kazi.

Chipu zina namba ndogo sana ubavuni. Ukiwa na macho ya kawaida huioni.

Daftari la kazi lilikuwa wazi. Kalamu juu yake. Nanakili kama alivyoandika:

"Kiatu cha kulia, kimoja. Kimepokelewa kikiwa na fundo la binti yangu. Chipu: ya mwaka jana. Hitilafu: si ya mashine."

Kwenye safu ya mwisho, ambapo huandika kilichofanyika, hakuna kitu.

Niliondoka kabla hajarudi. Nilimpita jirani nikamtupia salamu, sijui hata kama nilisubiri anijibu. Nimekaa kwenye kituo cha basi, mabasi manne yamepita. Mkono ndio huu unaoandika, uliofunga lile fundo. Kwa nini sikumwamini? Arobaini na mbili zote, na goti lile, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Si waandaaji. Mimi.


Jumatano, 29 Oktoba

Ofisi ya waandaaji, ghorofa ya tatu. Benchi la mbao koridoni. Saa tatu na robo asubuhi.

Nilifika kwao mapema nimvalishe viatu. Nikamkuta kwenye ngazi ya mlangoni, ameshainama. Anafunga kamba mwenyewe. Pumzi zinamtoka puani, shingo imejaa mishipa, vidole vinafika, vinateleza, vinarudi. Sijui miaka mingapi hajafanya hivyo. Nikapiga magoti nimsaidie. Akasogeza mguu.

"Leo niache," alisema. Hakukaripia.

Mama alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai kinapoa.

Njiani aliniuliza kama yule mgonjwa wangu wa nyonga anatembea sasa. Nikasema anatembea. Nilifungua mdomo mara mbili kusema lile jingine. Mara ya pili aliniwahi: nikae nje, na wakiniita nijibu tu walichouliza, nisiongeze.

Ameingia na mfuko wake. Mlango haushiki vizuri, kitasa kimelegea. Nasikia kila kitu na naandika ninavyosikia, maana nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Katibu anasoma sheria, sauti ya kuchoka. Watu watatu, nadhani. Baba anakohoa. Anaomba radhi kwa barua yake. Anasema mashine yao ni nzima, haina ubaya wowote, na yeye kama fundi alipaswa kujua.

Wanamuuliza basi chipu ilibebwa na nani.

"Na binti yangu," anasema Baba. "Nilimpachikia mimi kwenye kiatu chake. Nilimwambia ni ya akiba. Yeye hajui lolote, ana kikundi chake cha manesi, msimguse."

Kiti kinasogea.

Mtu anamuuliza, kwa upole, sasa mzee, na zile saa sita na dakika hamsini na tatu? Uliingia njiani mwishoni, au ulikimbia kweli?

Najua anachotazama Baba. Anatazama saa yake.

"Ziacheni," anasema. "Namba chukueni."

Wanamwambia itabidi asaini kwamba alipanga udanganyifu mwenyewe. Anasema walete, asaini wapi. Karatasi zinapekuliwa. Kalamu yao imekauka, wanaikwaruza, haitoi wino.

Mlango umefunguliwa. Katibu ametoka, ni mwanamke wa umri wangu, miwani juu ya kichwa. Anaangaza koridoni, ananiona naandika. Anaomba kalamu. Hii hii.

Nikimpa, Baba anasaini.

Nimerudisha kurasa za daftari hili nyuma mpaka Jumamosi ile, tarehe 11. Ipo. Kiatu kipi, chipu ipi, Baba akiwa anaoga. Na ya Jumapili nayo ipo, Fagio hatua ishirini nyuma, saba kasoro dakika saba. Ndani ya chumba Baba ananiona kupitia mlango ulio wazi. Anatikisa kichwa, polepole, hapana.

Katibu amenyoosha mkono. Namwambia asubiri kidogo, namalizia mstari, halafu nitampa kalamu pamoja na